Mistari Minne ya Ubeti wa Saba

Mwalimu Klementi hakuwa mwalimu wa fizikia, na hilo alilisema mapema kwa kila mwenye masikio, kuanzia mwalimu mkuu hadi mama muuza mihogo wa getini, ili mambo yakija kuharibika asiambiwe hakusema. Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia. Alizaliwa Kipatimu, huko milimani, mtoto wa katekista, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha vina na mizani katika sekondari ya Nalumbi, shule ya kata iliyo mbele ya Kikole, kule ambako barabara huchoka kabla ya msafiri.

Mwalimu wa fizikia waliwahi kuwa naye. Alikaa muhula mmoja, akaomba ruhusa akamzike shangazi yake Dar es Salaam, na huyo shangazi mpaka leo hajamaliza kuzikwa. Kidato cha nne wakabaki na miezi saba kabla ya mtihani wa taifa na madaftari matupu. Ndipo mwalimu mkuu, Nurdin, alipomwita Klementi ofisini na kumwekea mezani kitabu kisicho na jalada.

"Mwalimu, wewe ndiye mkongwe wetu," alisema. "Hawa watoto hawawezi kwenda kwenye mtihani mikono mitupu. Kisome hiki, uwafundishe."

"Mimi najua tenzi, mkuu."

"Na umeme utauzoea."

Ndivyo tunavyopeana kazi. Fundi cherehani hupewa jembe, na mavuno yakiwa haba anaulizwa jembe alilishikaje. Klementi hakubisha. Alikichukua kitabu kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzie anayelia. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Kurasa za mwisho, zile zenye majibu, zilikuwa zimechanwa zamani. Huenda ziliishia kufungia karanga. Kila siku baada ya vipindi alibaki darasani peke yake, kamusi mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikifuata mfano mmoja baada ya mwingine, na aliogopa. Aliogopa namna ambayo hakuwahi kuogopa tangu alipokuwa yeye mwenyewe mwanafunzi, kwa sababu darasani walikuwamo kumi na tisa waliodhani anajua.

Wiki ya tatu akapata njia yake. Watoto wa Nalumbi nusu yao wamepita madrasa. Wameingiza juzuu kifuani kabla hawajajua kufuta kamasi vizuri. Nusu nyingine ni wa parokia, wanaimba litania nzima bila kitabu. Kukariri kwao si adhabu. Ukiwapa hesabu wanatazama dirishani, ukiwapa ubeti wanakurudishia siku ya pili wakiwa wameshautia sauti. Basi Klementi akakaa chini akafanya alichokijua: akaitungia fizikia utenzi. Swali la mwendo, ubeti wake. Swali la nguvu, ubeti wake. Beti kumi na mbili, kila ubeti mistari minne, kila mstari mizani nane, kama alivyofundishwa na waliomfundisha.

Ubeti wa pili ulikuwa wa mwendo:

Mchapuko uzidishe,
kwa muda, usijichoshe,
kasi ya mwanzo ivushe,
mwishowe vyote kusanya.

Akawaambia mchapuko ni ile hali ya chombo kuzidi kukimbia. Bodaboda imesimama Kikole. Inaondoka, na kila sekunde inaongeza mwendo wa mita mbili. Baada ya sekunde tano inakwenda kasi gani? Walizidisha mbili kwa tano. Kasi ya mwanzo haikuwepo maana pikipiki ilikuwa imesimama. Wakakusanya. "Kumi," wakasema wote, na Klementi akageukia ubao haraka, maana machozi yalikuwa yamemlengalenga na mwalimu mzima halii kwa sababu ya kumi.

Ubeti wa saba ulimsumbua. Ulikuwa wa umeme unaogawanyika njia mbili. Kila njia ina kidude kinachoubana umeme usipite kwa wingi, ambacho kamusi yake ilikiita kikinza, na mtihani hupenda kuuliza: ukiweka kikinza cha sita na cha tatu sambamba, na betri ya volti kumi na mbili, mkondo wa umeme utakuwa kiasi gani? Kitabu kilitoa hatua tano. Moja: andika moja juu. Mbili: weka ukubwa wa kikinza chini yake, uwe na moja ya sita na moja ya tatu. Tatu: jumlisha, upate nusu. Nne: pindua hilo jibu, juu liwe chini na chini liwe juu, nusu igeuke mbili. Tano: gawanya volti kwa hiyo mbili, upate sita.

Hatua tano, na ubeti una mistari minne. Mtu mwingine angeongeza mstari akalala zake. Klementi hakuwa mtu mwingine. Alikuwa ameshatunga beti sita za minne minne, na ubeti wa mitano katikati yake aliuona kama jino lililoota mbele ya mengine. Akajaribu kubana hatua mbili katika mstari mmoja, mizani ikawa kumi na moja. Akajaribu tena, kina kikapotea. Mwisho akaandika hivi:

Moja juu tanguliza,
kikinza chini sogeza,
zote pamoja ongeza,
ndipo volti gawanya.

Ya kupindua akasema moyoni atawaambia kwa mdomo. Siku aliyoufundisha ubeti huo mvua ilipiga bati tangu saa nne hata hakusikia sauti yake mwenyewe. Aliuandika ubaoni, wakanakili, wakaondoka. Wiki iliyofuata watoto walikuwa wanauimba, yeye naye akauimba pamoja nao, na hatua ya nne ikamtoka kichwani kabisa. Tangu siku hiyo alikokotoa kwa ubeti. Hakurudi tena kitabuni, na kurudi angerudia nini? Ubeti ulikuwa mzuri.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Klementi alisifiwa sana mwaka ule. Watoto walioshindwa hata kutaja volti ni nini sasa walikuwa wakibangua korosho za nyumbani kwa beti za fizikia. Wazazi waliosikia walidhani ni kaswida mpya, wakauliza imetoka wapi. Walimu wa shule za jirani walikuja kusikiliza, wakanakili. Nurdin alimshika mkono mbele ya wageni akasema, "Huyu ndiye mwalimu wetu wa sayansi," na Klementi, mwenye miaka hamsini na mitatu, alijisikia kama amezaliwa upya.

Katika hao kumi na tisa alikuwamo Zakia. Darasani kila mwalimu ana mmoja ambaye akimwangalia anajua kama somo limeingia au limepita nje, na wa Klementi alikuwa huyo. Msichana wa miaka kumi na minane, mrefu, mpole mpaka unamsahau, mtoto pekee wa Bi Fauzia mkulima wa ufuta. Baba yake alifariki Zakia akiwa bado tumboni. Zakia alitaka kwenda chuo cha afya kule Lindi akasomee utabibu, na chuo hakimtazami mtu asiye na fizikia. Bi Fauzia alikuwa ameshamwambia Klementi, bila kupepesa, "Mwalimu, huyu mtoto nimekuachia wewe. Mimi kwenye hayo sina neno."

Novemba wakafanya mtihani. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, lakini namba hazina lugha, na Klementi alikuwa amewazoesha kutambua mchoro: waya zikigawanyika njia mbili, ubeti wa saba. Swali la tisa lilikuwa lenyewe kabisa, sita na tatu na betri ya kumi na mbili. Walitoka wakitabasamu. "Ishirini na nne, mwalimu," walimwambia nje ya darasa, maana ukigawanya kumi na mbili kwa nusu ndicho unachopata. Siku hiyo Klementi alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyemaliza palizi.

Januari matokeo yalipotoka, mbele ya majina yote kumi na tisa hapakuwa na alama hata moja. Paliandikwa kwamba matokeo yamefutwa.

Barua ilifuata. Ilisema watahiniwa wote wa kituo hicho wameandika jibu moja lisilo sahihi katika swali la tisa la fizikia, kwa hatua zilezile, kwa mpangilio uleule, jambo lisilowezekana pasipo udanganyifu. Wamefungiwa kufanya mtihani kwa miaka miwili. Shule imepewa siku thelathini kutoa utetezi katika ofisi ya elimu ya wilaya, Kilwa Masoko.

Nurdin aliisoma kwa sauti mbele ya walimu. Alipofika kwenye "lisilo sahihi" Klementi alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wamekosea wao," alisema. "Ishirini na nne ndiyo yenyewe."

Akaenda kabatini akakitoa kile kitabu kisicho na jalada kwenda kuwaonyesha. Akafungua ukurasa, akaweka kidole, akasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikafika ya nne kikakaa. Walimu walimngoja. Alihesabu hatua za kitabu, zikawa tano. Akahesabu kimoyomoyo mistari ya ubeti, ikawa minne. Akahesabu tena kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mtumbwi kupinduka. Kisha akakaa chini. Hakuna aliyemsogelea, ingawa wote walimpenda.

Kwa siku kadhaa hakula chakula kikapita. Alijichukia waziwazi. Si kwamba hakujua. Angekuwa hakujua angejisamehe. Alijua, akaacha, kwa sababu ya mstari kuzidi. Watoto wa wakulima wamefungiwa miaka miwili na kuitwa wezi ili ubeti usiharibike umbo. Mtu anayefanya hivyo si mshairi wala si mwalimu, alijiambia, na mkewe Genoveva aliyekuwa akimsikia hakumbishia.

Lakini katika kujichukia huko akaona mlango. Kama kosa ni la ubeti, basi ubeti ni shahidi. Madaftari ya watoto yote yana ubeti wa saba na tarehe ya mwezi Mei. Mtu yeyote akiufuata atapata ishirini na nne hata akifungiwa chumbani peke yake. Hawakuibiana, walifundishwa vibaya, na kufundishwa vibaya hakufungiwi mtu, labda mwalimu. Klementi aliomba afungiwe yeye. Lilikuwa ombi la kwanza lililomfanya ale.

Akaenda kwa Bi Fauzia kumweleza. Walikuwa wanapanda ufuta, mama na binti, kila mmoja na tuta lake. Klementi alisimama pembeni ya shamba akakiri kila kitu, mistari na hatua, ingawa alijua mama yule hajui kikinza ni nini.

Bi Fauzia alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hawakuiba," alisema.

"Hawakuiba."

"Basi nenda ukawaambie. Na Zakia uende naye, maana ndiye anayejua zaidi. Wakimwuliza atawajibu."

Zakia aliendelea kufukia mbegu kwa mguu, uso chini, wala hakumtazama mwalimu wake. Klementi alidhani amekasirika, akaona ana haki.

Walitoka Nalumbi alfajiri kwa bodaboda hadi barabara ya lami, wakapanda basi, na saa nne walikuwa kwenye korido ya ofisi pale Masoko, Klementi na mfuko wa madaftari kumi na tisa magotini, Zakia pembeni yake amekunja mikono. Afisa aliyewapokea aliitwa Jenipher. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na Klementi aliyekuja amejiandaa kwa ukali alikuta mtu msikivu, jambo ambalo nusura limvuruge.

Alieleza. Alifungua daftari la kwanza, la pili, la tano. Jenipher alichukua kalamu akaufuata ubeti mstari kwa mstari, akiunong'ona: moja juu, kikinza chini, ongeza, gawanya. Akapata ishirini na nne. Akainua uso.

"Umetunga wewe?"

"Mimi, mama. Kosa ni langu peke yangu."

"Ni utenzi mzuri," alisema Jenipher, na alisema kweli, na Klementi akatamani asingesema. "Kama ningefundishwa hivi na mimi ningeandika ishirini na nne. Madaftari yana tarehe?"

"Yote, mama."

"Hili nitaliandika mwenyewe. Nitayaambatisha. Sioni watakavyolikataa."

Klementi alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Januari. Alimgeukia Zakia amtazame wafurahi pamoja. Zakia alikuwa akitazama mkono wa afisa, ambao ulikuwa umeshafungua faili na kutoa karatasi moja.

"Ila huyu," Jenipher alisema polepole. "Wewe ndiye Zakia?"

"Ndiyo, madam."

"Wametuletea nakala za majibu ya swali la tisa. Kumi na wanane wako kama mwalimu alivyosema. Wewe hauko hivyo. Mwalimu, njoo uone."

Klementi aliinama juu ya meza. Ilikuwa hati ya Zakia, ile safi iliyoegemea kulia, aliyokuwa ameisahihisha mwaka mzima. Moja ya sita. Moja ya tatu. Jumla nusu. Kisha mstari ambao haukuwa wa ubeti wowote: pindua, mbili. Kumi na mbili gawanya kwa mbili. Sita. Hatua zote tano, bila kufutafuta, bila kusitasita. Na juu ya hizo hatua tano palikuwa na mstari mmoja ulionyooka wa kukata. Chini yake, kwa hati ileile, ubeti wa saba umefuatwa mwanzo mpaka mwisho. Ishirini na nne.

Hakuelewa. Alisoma tena kutoka juu.

"Wakubwa wa mitihani wameiwekea alama," Jenipher alisema. "Wanasema hivi: mtahiniwa aliyelipata jibu sahihi kwa akili yake, akalikata, akaandika lisilo sahihi linalofanana na la wenzake wote, huyo amepokea kitu kutoka kwa mtu. Kwao hiyo ndiyo karatasi mbaya kuliko zote." Alivua miwani. "Zakia, nani alikupa ishirini na nne?"

"Hakuna aliyenipa, madam. Ni ya ubeti."

"Lakini ulijua ubeti una kosa."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyowaka.

"Kama ulibahatisha tu hapa juu, useme ulibahatisha," Jenipher alisema, na ilionekana wazi anamtafutia mahali pa kutokea.

"Sikubahatisha, madam. Nilijua tangu Julai."

"Ulijuaje?"

"Niliutia ubeti kikinza kimoja peke yake. Cha sita. Nikaandika moja juu, sita chini, cha kuongeza hakipo. Ukakitoa moja ya sita. Nikasema, kitu ni cha sita, hakijaguswa, kimekuwaje moja ya sita kwa kuandikwa tu? Nikajua mwishoni lazima kipinduliwe kirudi kuwa sita. Nikajaribu kwa viwili, ikakubali."

Klementi alihisi kitu kinampanda kifuani, na aibu ni kwamba nusu yake ilikuwa fahari. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu jambo hilo. Yeye mwenyewe, na kitabu, na kamusi, na miaka hamsini na mitatu, asingelifikia.

"Kwa nini ulilikata?"

"Nilipoliandika sita nikaona wenzangu wote wataandika ishirini na nne, kama alivyofundisha mwalimu," Zakia alisema. "Nikaona kama namsuta. Nikasema mwalimu katunga beti kumi na mbili, mimi ni nani niliyeona kosa ambalo yeye hakuliona? Labda kuna jambo sijalijua. Nikakata."

"Niandike mimi, mama," Klementi alisema. Sauti yake haikuwa nzuri. "Andika mwalimu alikosea. Kosa langu, ushahidi wangu."

"Kosa lako limeshawatoa kumi na wanane, mwalimu. Haliwezi kumtoa aliyekuwa analijua." Jenipher alirudisha karatasi kwenye faili kwa uangalifu, kana kwamba ingemwuma mtu. "Mimi namwamini. Nitaandika aliyoyasema neno kwa neno. Lakini atakayesoma hatamwona uso, atauona huu mstari wa kukata tu."

Walikaa kwenye benchi la nje kungoja basi. Jua la Masoko lilikuwa kali na upepo wa bahari haukusaidia kitu. Klementi alinunua maji, hakuna aliyeyanywa. Alitaka kumwuliza jambo moja na alikuwa akiliogopa jibu lake.

"Zakia. Kwa nini hukuniambia, tangu Julai?"

"Nilikuja, mwalimu." Alikuwa akisokota ncha ya mtandio. "Nilikuja ofisini na daftari. Nikakuta wageni. Ulikuwa umesimama unawasomea utenzi, na mkuu amekushika mkono. Ulikuwa unacheka. Sijawahi kukuona unacheka vile. Nikarudi darasani."

"Ungekuja siku nyingine."

"Kila siku ulikuwa unafurahi, mwalimu."

Klementi alifundisha watoto adabu miaka ishirini na miwili, akawapigia mfano wale wasiomkosoa mkubwa mbele za watu, akawatuza. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema pia, kila Jumatatu mstarini, lakini sasa alijaribu kukumbuka ni lini mwanafunzi alimwuliza swali la kumpinga akabaki na uso wa furaha, hakukumbuka hata siku moja. Basi likaja, wakapanda, na Zakia akamwachia mwalimu kiti cha dirishani.

Jibu lilifika Aprili. Kumi na wanane wamefunguliwa, matokeo yao yametoka. Fizikia waliofaulu walikuwa wanne, kwa alama ya chini kabisa, lakini wamefaulu. Mtahiniwa mmoja utetezi wake haukukubalika.

Wazazi hawakujali mmoja. Walimletea Klementi kuku wawili na gunia la mihogo, wakasema utenzi wake ndio uliowaokoa watoto wao, maana bila utenzi wangethibitikaje kuwa hawakuiba? Alijaribu kuwaeleza. Walicheka, wakamwambia mwalimu ana unyenyekevu wa kupita kiasi. Nurdin naye alimpangia tena fizikia mwaka mzima, kidato cha tatu na cha nne, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Klementi alichukua kitabu kisicho na jalada akaongeza mstari wa tano katika ubeti wa saba. Mizani zilizidi, kina hakikukubali. Haikumgharimu hata dakika mbili.

Barua ya Zakia aliichukua yeye mwenyewe kuipeleka, ingawa kijijini habari ilikuwa imeshamtangulia. Mvua ya masika ilikuwa imekatika asubuhi ile na ufuta ulikuwa umefika magotini. Bi Fauzia alikuwa mwanzoni mwa shamba na jembe la palizi. Aliipokea barua, hakuifungua, akaichomeka kwenye mkunjo wa khanga kiunoni.

"Wenzake wanakusifu, Mwalimu," alisema. Hakulisema kwa uchungu, na hapo ndipo palipomwumiza.

"Mama Zakia, mimi ndiye niliyemharibia mtoto. Nataka ulijue hilo kutoka kinywani mwangu."

"Ulishaniambia Februari. Na yeye anasema si wewe, anasema yeye ndiye aliyekata. Sasa mimi nimwamini nani?" Alishika jembe upya. "Miaka miwili si mingi, wanasema. Amepata mchumba wa Nangurukuru, watu wazuri. Hataki. Lakini hajasema hataki. Nimemwona tu."

Klementi alitazama ng'ambo ya shamba. Zakia alikuwa amemwona, ameacha kupalilia, anakuja kati ya matuta akiangalia asikanyage miche. Alikuwa amekonda. Klementi alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima: kwamba asikubali tena jambo analojua si sahihi, akatae kwa sauti, hata kwa mama yake, kwamba aliyekuwa sahihi Julai ni yeye, kwamba asimheshimu tena mtu yeyote kiasi kile, na wa kwanza awe yeye Klementi. Aliyatafuta hayo maneno yote yawe tayari.

Msichana alifika mbele yake, akaweka jembe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akapiga magoti kidogo katika udongo uliolowa kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

Klementi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Zakia alibaki vilevile, kichwa chini, akingoja, na hangeinuka kabla hajaitikiwa, hata ingechukua mchana kutwa.

"Mwalimu," Bi Fauzia alisema, "mtoto anakuamkia. Mwitikie."